Sema ni Panya

Zamda alikibwaga kitabu mezani.

"Nyumba nzima wanamsikia bibi wa watu akigonga mlango wa chumba alimofungiwa, wanasema ni panya, mpaka anafia humo! Aliyeandika hana mama?"

"Ni hadithi ya kutisha tu," mumewe Kitwana alicheka, mdomo umejaa wali.

Kutoka chumba cha uani, mama yake Kitwana akaanza tena kugonga.

"Mwache, atachoka," Kitwana alisema. "Nikimfungulia atapotea kama juzi."

Zamda alichukua bisibisi, akaenda kuling'oa komeo lililofungiwa nje ya mlango ule, akarudi kulitupa kwenye sahani ya mumewe. Mchuzi ukamrukia kifuani.

"Haya, sema ni panya!"

Nyuma yake mlango ulifunguka kidogo, na vidole vilivyochubuka vikashika ukingo wake.