Pale Mama Alipoonja

Odalie alikatiza wimbo katikati ya mstari, akanyamaza.

Ulikuwa wimbo wa mwisho wa albamu yake mpya ya nyimbo anazozipenda, na hapa New Orleans hakuna aliyewahi kumsikia akisahau neno. Nyuma ya kioo, fundi sauti akashika kichwa.

"Jaza, mzee, jaza!" akamfokea mpiga piano kupitia spika za masikioni. "Dada'ko kapotea huyo! Unamwangalia tu?"

Kuziba mwanya wa mwimbaji ndiyo kazi ya piano. Lakini mdogo wake Odalie alivua zile spika, akainua vidole, asiguse kitu.

Odalie alikuwa amefumba macho. Mkono wake ukapanda taratibu hadi mdomoni, kama ulioshika mwiko, akapuliza.

Wimbo ule ulikuwa wa mama yao, wa jikoni. Kila mara mama aliukatiza kwenye mstari uleule, akaonja mchuzi wa bamia na kaa, kisha akamwonjesha kitinda mimba wake.

 

Yule mpiga piano, mzee mzima mwenye mvi, akajikuta amefungua kinywa, anangoja zamu yake.