Kijimfuko cha Ufunguo

Ufunguo haukuwa wa nyumbani. Naisimoi aliujaribu mlangoni, kwenye kabati, hata kwenye kufuli la banda la kuku, haukuingia popote.

Aliukuta ndani ya pochi ya mumewe. Parkesian hushona viatu na mikanda karibu na soko la Babati, na pochi hiyo ndogo ya ngozi aliitengeneza mwenyewe, kama ile aliyowahi kumshonea baba yake. Baba huyo siku hizi ni "yule mzee" tu, maana kwao aliyekufa jina lake halitamkwi tena. Lakini pochi ya yule mzee haikuwa na kijimfuko cha ufunguo kwa ndani. Hii ilikuwa nacho, na Parkesian hakuwahi kumwonyesha.

Halafu kulikuwa na hizi Jumamosi. Aliaga kwamba anafuata ngozi Singe, na kila mara alirudi mikono mitupu.

Mke wa pili angemvumilia, angalau ndivyo alivyojiambia. Mtoto ndiye aliyemnyima usingizi. Tangu wahamie Nangara, majirani walimwita Naisimoi, jina tupu, wakati wenzake wote ni Mama Feisal, Mama Shani. Kama huko Singe kuna mtoto anayemwita Parkesian baba, basi yeye harudi tena kwenye nyumba yao ya Nangara. Aliapa hivyo peke yake, jikoni, na iliuma.

Jumamosi hiyo Parkesian alitangulia kibandani kwake, akaisahau pochi mezani. Naisimoi aliichukua, akamwita Ibra wa bodaboda, ambaye ndiye aliyezoea kumpeleka mumewe. Ibra alibabaika, mwishowe akakiri kwamba nyumba anaijua.

Mwenye nyumba, Bi Hadija, alikuwa barazani akichambua mchele. Naisimoi alimwamkia, akadanganya kwamba ametumwa na mwenye ufunguo.

"Marahaba, karibu. Baba Soipei haumwi lakini?"

Naisimoi alishika nguzo, akauliza kama mtoto mwenyewe yupo.

"Soipei? Hatujawahi kumwona. Baba yake anasema yuko kwa mama yake, na huyo mama naye hatumjui. Alituomba tu tumwite hivyo. Ukimwita, anafurahi mpaka unamwonea huruma."

Chumba kilikuwa cha nyuma. Ufunguo ulizunguka mara moja tu. Hakukuwa na kitanda wala sufuria. Palikuwa na kigoda kimoja, na ukutani, kwenye msumari, sweta dogo la njano.

Naisimoi aligeuza mkono wa kushoto wa sweta. Kiraka kilikuwepo, na mishono ilikuwa ya mkono wake. Alikishona wiki ile ya homa ya mtoto wao, mwaka wa nne sasa, na baada ya mazishi aliambiwa nguo zote zimechomwa.

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Parkesian, yenye wasiwasi, akiuliza kama ameiona pochi yake.

"Ninayo," alisema Naisimoi. "Njoo, Baba Soipei."