Poda Shingoni

Lorne alikuwa akimfunga rafiki yake tai alipoona doa nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele. Lilikuwa la zambarau, dogo kama punje ya dengu.

Vidole vyake vikasita. Nje, San Francisco nzima ilikuwa barabarani kwa wikendi ya Pride, sherehe ya kila mwaka ya mashoga. Humu nyuma ya jukwaa wanaume wa kwaya walikuwa wakitaniana na kugombea kioo. Wote waliyajua madoa ya namna hiyo. Ukimwi ulikuwa umekwisha kuwamaliza waimbaji wengi wa sauti ya chini, na wengi wao uliwaanzia kwenye ngozi.

"Mbona kimya, shosti?" rafiki yake akauliza. "Shingo ina uchafu?"

"Hapana. Kola imekunjika tu."

"Lorne." Sasa hakuwa akitania. "Nimeliona tangu Pasaka."

"Na hukuniambia? Tunaishi nyumba moja."

"Ningekwambia, ungeanza kunipikia supu. Nilitaka tugombane kama kawaida mpaka leo tuimbe."

Lorne alichota poda ya jukwaani kwa kidole, akalipaka lile doa taratibu mpaka likafifia, kisha akaipandisha kola.

"Inakubana?"

"Sana. Iache hivyo hivyo."

Wakaitwa. Lorne alisimama nyuma yake, kama siku zote. Taa zikawaka, joto likapanda, na kabla wimbo haujaanza jasho lilikuwa likiteremka shingoni mwa rafiki yake, likiondoka na poda.

Kiongozi akainua mikono. Lorne akaweka kiganja chake juu ya lile doa, mbele ya ukumbi mzima, akaimba.