Hati Mbili

Fundi cherehani aliburuta kiti kilichoungua mguu mmoja, akakiegemeza kwenye mlango wa bati wa stoo ya nyuma, akakikalia. Mkaguzi wa zimamoto alisimama mbele yake na begi la vifaa mkononi, hajui acheke au akasirike.

"Mama, nipishe nifanye kazi."

"Hati ya upekuzi iko wapi?"

Mkaguzi akamweleza kwamba siku ya moto wenzake waliingia karakana nzima bila karatasi yoyote. Fundi akamjibu kwamba siku hiyo moto ulikuwa unawaka. Leo ni siku ya tatu, majivu yamepoa, na sheria inamtaka apitie kwa hakimu kwanza.

Watu waliojazana uani walitazamana. Huu ulikuwa moto wa pili kwenye karakana hiyo, na tangu juzi walinong'ona kwamba mwanamke huyu kajichomea mwenyewe ili alipwe bima. Sasa hawakunong'ona tena, walisema kwa sauti. Mdogo wake akamwinamia sikioni, akamsihi asogee, maana kwa ukaidi huu atafungwa. Fundi hakubanduka. Mdogo mtu alipotaka kuchungulia tu kwenye upenyo wa mlango, akamsukuma mkono.

Mkaguzi akaondoka akibamiza mlango wa gari. Adhuhuri alirudi na hati, pamoja na askari wawili. Fundi akavaa miwani, akaisoma neno kwa neno kama anayekagua mshono wa mteja msumbufu, kisha akamrudishia.

"Hapa wameandika karakana ya cherehani. Stoo haimo."

Askari mmoja akacheka. Mkaguzi hakucheka. Alimwambia waziwazi kwamba miaka kumi ya kazi imemfundisha jambo moja: anayeng'ang'ania mlango ana lake nyuma ya mlango huo. Fundi akasema ni kweli kang'ang'ania, na ataendelea kung'ang'ania. Wakitaka wambebe yeye na kiti chake. Alikuwa na hasira, wala hakuificha.

Jua lilikuwa limeshainama hati ya pili ilipofika. Karakana, ua, stoo ya nyuma yenye mlango wa bati: vyote vimo. Fundi aliisoma, akairudia, akaupitishia kidole muhuri wa hakimu. Ndipo akainuka, magoti yakimlia, akasogeza kiti kando. Mdogo wake alikuwa analia.

"Haya, tupe ufunguo wa stoo yako," akasema mkaguzi.

"Vunjeni. Sina ufunguo, stoo ni ya mwenye nyumba. Aliponichomea mara ya kwanza ili nihame, wenzako waliingia humu bila hati moto ukiwa umeshapoa, wakayakuta madumu yake ya petroli, hakimu akayakataa kuwa ushahidi, naye akatoka mahakamani akicheka."