Sauti ya Padri

Aristides alipofika penye noti mbili za muziki zilizoandikwa pamoja, hakupiga yake. Alipiga ya Padri.

Mwitaliano mmoja aliutunga muziki ule kwa fidla, ambayo huweza kuliza nyuzi mbili kwa mkupuo. Wafaransa wakaupenda mno, wakauhamishia kwenye filimbi. Lakini filimbi hutoa sauti moja tu. Kwa hiyo pale kijijini Nshamba, kila Jumapili alasiri, walipiga wawili: Padri Mfaransa chini, Aristides juu.

"Waitaliano walitufundisha kuimba," Padri alizoea kusema. "Sisi tukawafundisha kupumua."

Mwaka jana Padri alipanda meli kurudi kwao, mgonjwa. Tangu hapo Aristides alipiga sauti yake ya juu peke yake. Leo, baada ya misa, aliambiwa kwamba Padri amefariki.

Noti ya chini ilitoka nzito. Mate yakateremka ndani ya filimbi, yakadondoka kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni.

Katika chumba cha nyuma, mama yake, ambaye macho yake yalikwisha kufa, akaacha kumenya ndizi.

"Padri amerudi?"

Aristides akapangusa mdomo wa filimbi.

"Mwanangu, unamkalishaje mgeni bila kahawa?"

Akaja akipapasa ukuta, mkononi kijikapu cha buni za kutafuna. Akakisogeza kwenye kiti cha Padri, akainamisha kichwa, akangoja.

"Karibu, Padri. Umekaa sana huko."

Aristides akaiweka filimbi chini. Akahamia kile kiti, akanyoosha mkono kwenye kijikapu.