Sabini Palepale

Katika ofisi ya mtaa, kila mlalamikaji alipimwa moyo kwanza. Mapigo yasipozidi mia moja, basi hukudhulumiwa.

"Nimekwenda hospitali kujifungua, wakaning'oa seli zinazoupigisha moyo wangu!" Mwanakheri alifoka, mtoto akilia mgongoni. "Vidude vidogo, vimepauka, vimejibanza kwenye nyuzi za moyo, lakini vyangu! Wakanipandikizia za kiwandani. Sasa nikimlaza mwanangu kifuani, analia kama kashikwa na mgeni!"

Karani akambandika kipimo. "Sabini. Mama, huna hasira."

Mwanakheri akakinyofoa, akakibamiza sakafuni. Machozi yalimchuruzika. Akajishika kifua, akisubiri moyo wake umuunge mkono.

Ukaendelea kudunda taratibu, kama wa mtu aliyelala.