Umeme Ulipokatika

Tangu apasuliwe koo, Zulfa, mwimbaji wa R&B, alifuatisha midomo tu huku sauti yake ya zamani ikitoka kwenye spika. Maharusi waliomwalika kuwaimbia hawakujua. Mchana mmoja, harusini, katikati ya wimbo alioutunga mwenyewe, umeme ukakatika.

"Endelea, anti!" bi harusi akamwambia. "Wimbo huu nimekua nao mimi."

"Sauti kama ile, spika ya nini?" mgeni mmoja akadakia, ukumbi ukacheka.

Zulfa akamtazama DJ. DJ akainamia nyaya zake. Bi harusi akaanza kumpigia makofi, taratibu, akimngoja. Zulfa akaweka chini maikrofoni, akaimba. Ukatoka mkwaruzo mwembamba. Makofi yakakoma, na watu wa meza za nyuma wakasogeza viti karibu.